Pima maji ya rejeta kabla hujaifunika pikipiki

Ndugu yangu, usiifunike hiyo pikipiki kwanza. Umeuliza uioshe vipi, ununue turubai gani, betri uiweke wapi, matairi uyafanyeje na petroli uache kiasi gani kwenye tangi hadi baridi iishe, halafu ukagusia kwa sentensi moja tu kwamba mwezi wa Julai injini ilichemka, ukajaza maji ya bomba kwenye rejeta, na tangu hapo haijakusumbua. Mimi nimekwama kwenye sentensi hiyo, kwa sababu ndivyo nilivyofanya hapa Minneapolis mwaka 2018, na nikapoteza injini nzima.

Nilijifunza pikipiki Morogoro, kwenye bodaboda ambazo injini zake hupozwa na upepo. Hazina rejeta, na usiku wa kule haugandishi maji. Huku nikanunua ya cc 250 inayopozwa kwa maji, na vuli ilipofika nikaipeleka kwa fundi ili aiandae kwa majira ya baridi. Alipokea fedha yangu, akaandika kwenye risiti kwamba maji yamekaguliwa, akaniambia kuwa gereji yenye kuta na mlango inatosha kabisa. Alichokagua ni kiwango cha maji kwenye chupa ya akiba, ile ndogo iliyounganishwa na rejeta kwa mpira, basi. Maji kuwa mengi ni jambo moja na maji kuhimili baridi ni jambo jingine, na mtu anayelipwa kwa kazi hiyo hana udhuru wa kuyachanganya. Hasira yangu kwake haijaisha hadi leo.

Tarehe 30 Januari 2019 hapa palifika nyuzi 33 chini ya sifuri. Gereji yangu imejitenga na nyumba na haina hita. Siku chache baadaye niliingia kuchukua koleo la theluji, nikakuta chupa ya maji ya kunywa niliyoisahau kwenye rafu imekuwa jiwe, kitako kimebinuka hata haiwezi kusimama. Niliishika mkononi, hatua mbili kutoka ilipo pikipiki, na sikuwaza lolote. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na ndani ya injini hayana pa kutanukia. Aprili nikarudisha betri, injini ikawaka mara moja, nikafurahi. Baada ya dakika chache nikaona matone sakafuni. Nilipopangusa silinda kwa kitambaa ukajitokeza ufa mwembamba kama unywele, na kwenye kioo cha kuangalizia oili nikaona rangi ya chai ya maziwa, ishara kwamba maji yamechanganyika na oili. Gharama ya matengenezo ilizidi thamani ya pikipiki yenyewe, nikaiuza kama vipuri.

Kwa hiyo, nunua leo kipimo cha kulanti, yaani kile kimiminika cha kupozea injini kisichoganda upesi kama maji matupu. Kipimo hicho ni kibomba kidogo chenye mpira wa kunyonyea, na bei yake haifiki hata ya chakula cha mchana. Injini ikiwa imepoa kabisa, fungua kifuniko cha rejeta yenyewe, wala si cha chupa ya akiba, nyonya maji kidogo, usome yanahimili nyuzi ngapi. Kwa kuwa ulijaza maji ya bomba, usijaribu kuongezea kulanti juu yake: mwaga yote, kisha jaza kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa (distilled water), mchanganyiko ambao huhimili hadi karibu nyuzi 37 chini ya sifuri. Washa injini hadi feni izunguke, ili mchanganyiko ufike kila mahali, iache ipoe, upime tena. Kulanti uliyomwaga ikinge kwenye beseni na uifunike, kwa maana ina ladha tamu na ni sumu kwa watoto, mbwa na paka.

Betri ing'oe uiweke ndani ya nyumba. Petroli jaza tangi, utie dawa ya kuihifadhi, na ufanye hivyo kabla ya kuwasha injini kwa kazi niliyoeleza, ili dawa ifike hadi kwenye kabureta. Hayo mengine yanaweza kungoja wiki ijayo. Rejeta haingoji, maana umesema usiku wa Jumamosi huko kwenu joto litashuka hadi nyuzi 9 chini ya sifuri. Ukishapima, niandikie hapa namba uliyoisoma kwenye kipimo.