Maswali yenu: kadi za mkono, mihuri ya viazi na karatasi isiyotulia

Habari zenu wapendwa. Mwezi huu meseji nyingi zimetoka Nyanda za Juu Kusini, Mbeya mpaka Iringa, na karibu zote zinalalamikia rangi au muhuri wakati ukisoma vizuri unakuta tatizo liko kwenye karatasi, kwa hiyo mtanivumilia nikirudiarudia hilo.

Swali: Shikamoo anti. Niko Uyole, natengeneza kadi za besdei na za mahafali nawauzia majirani na wanachuo. Nikipaka rangi ya maji karatasi inajikunja yote, hata nikiilaza chini ya vitabu usiku kucha asubuhi bado ina mawimbi. Halafu pale katikati ninapoikunja inapasuka na rangi inamenyeka. Kuna kamashine ka kukunjia kadi nimekaona YouTube, niagize?

Jibu: Marahaba mwanangu. Hela ya mashine kaa nayo, nunua karatasi. Karatasi ya rimu ya kawaida ni gramu 80 kwa mita ya mraba, hiyo ni ya printa na peni, haikutengenezwa inywe maji. Rangi ya maji inataka angalau gramu 200, na ukipata 300 ndo raha yenyewe. Karatasi ni nyuzinyuzi za miti zimeshikana, zikilowa zinavimba, sasa upande uliopaka unatanuka na wa nyuma umebaki vilevile, lazima ijikunje, na vitabu unavyoweka vinakuja mambo yameshaharibika. Kabla hujapaka pitisha sponji yenye unyevu mbele na nyuma, bandika kingo zote nne kwenye plaiwudi kwa maskin tepu, ndo upake, na usiibandue mpaka ikauke kabisa. Kukauka sio kugusa na kidole ukaona rangi haishiki, weka mgongo wa mkono juu yake, ukisikia ubaridi ujue bado ina maji ndani.

Kuhusu mkunjo, kiwandani nyuzinyuzi huwa zinalala upande mmoja kufuata mashine inavyokimbia. Ukikunja kwa kufuata zilivyolala mkunjo unatoka safi, ukizikata katikati zinavunjika na kuacha ule mstari mweupe uliokuudhi. Jinsi ya kujua ni rahisi: pinda karatasi taratibu bila kuibana, kwanza kwa urefu halafu kwa upana, inakokubali bila ubishi ndiko kwenyewe. Karatasi nyingi za A4 nyuzi zinalala kwa urefu, kwa hiyo ukiikunja nzima mara moja unapata kadi kubwa yenye mkunjo unaopasuka, lakini ukiikata kwanza katikati upate A5 mbili halafu kila moja uikunje, mkunjo unafuata nyuzi na unapata kadi mbili nzuri za A6. Manila kubwa ya dukani jaribu kwanza, maana inategemea ilivyokatwa. Halafu kabla ya kukunja pitisha rula na peni ya bik iliyoisha wino, kandamiza mstari mmoja tu. Hiyo ndo mashine yako.

Swali: Dada, mimi ni wa Mafinga. Kamati ya harusi ya binamu yangu imeniomba kadi 150 za mwaliko za mkono, za singo (mgeni mmoja) na za dabo (wawili), na mwenyekiti anasema eti kwa kuwa ni ndugu nifanye kwa bei ya karatasi. Nimeshatengeneza tano za mfano, kila moja imenichukua karibu siku nzima. Nitafika kweli?

Jibu: Kwa mwendo huo hufiki mdogo wangu, na sio kwamba huwezi, ila umechora kadi ya mtu mmoja halafu unataka kuirudia mara 150. Kadi za mchango saivi zinatumwa WhatsApp, ya mwaliko ndo inabaki mkononi mwa mgeni na mlangoni anaionesha, kwa hiyo iwe nzuri lakini iwe ya kurudiwa. Mimi ningeweka vitu vitatu tu: muhuri mmoja, mchirizi mmoja wa rangi wa mkono mmoja bila kurudia, na kipande cha kitenge cha sare. Nenda kwa fundi anayeshona hizo sare umwombe mabaki, wengi wanayatupa, kata vipande vidogo bandika kwa gundi nyeupe ya mbao. Mgeni akifungua bahasha akakuta kitambaa kilekile atakachokiona siku ya sherehe, hapo umemaliza kazi.

Kwa wingi huo achana na kiazi, chonga muhuri kwenye soli ya ndala ya zamani, ile sponji ngumu inakatika vizuri na wembe au kisu kipya cha kukatia karatasi na inavumilia. Ibandike kwenye kipande cha mbao upate pa kushika. Paka rangi kwa sponji juu ya muhuri, usiuchovye, na kama unatumia rangi ya akriliki uoshe kila unapopumzika maana ikikaukia kwenye mitaro haitoki tena. Muhuri wa singo na wa dabo tengeneza viwili tofauti, usiandike kwa mkono, mtu akiongeza herufi zake mlangoni itakuwa kesi.

Na nunua bahasha kwanza! Kadi ya A6 ni milimita 105 kwa 148 na inaingia kwenye bahasha ya C6 ambayo ni 114 kwa 162, inabaki nafasi kidogo ya huo unene wa kitenge. Watu wanakata kadi zote ndo wanaanza kuzunguka mjini kutafuta bahasha. Kata zote, kunja zote, gonga muhuri zote, ndo uhamie kwenye kitenge, usimalize kadi moja moja.

Bei: karatasi, bahasha, rangi, gundi, za kuharibika weka kumi na tano zaidi, halafu siku zako za kazi. Binamu umpunguzie ukitaka, hiyo ni zawadi yako na mwenyekiti aambiwe hivyo kwa sauti kwenye kikao, ila bei kamili aijue, na kianzio cha nusu kitoke kabla hujashika mkasi.

Swali: Mimi ni mwalimu wa darasa la tatu, Tukuyu. Nataka watoto watengeneze kadi za wazazi za kufunga muhula, bajeti hakuna. Viazi vipo vya kutosha. Nilijaribu lakini muhuri wa kiazi unatoa doa tu, picha haionekani, na kwa mvua za huku hakuna kinachokauka.

Jibu: Mwalimu hongera sana, na kwa viazi mko mahali pake. Doa linatokana na maji ya kiazi chenyewe. Ukikikata kinatoa majimaji yenye wanga, yanachanganyika na rangi, rangi inakuwa uji. Kata kiazi katikati kwa kisu kikali kwa mkato mmoja ili uso uwe bapa kabisa, kilaze kifudifudi kwenye kitambaa kikavu kwa dakika kumi hivi, kifute, ndo uchonge. Pembeni ya picha ondoa nyama mpaka kina cha nusu sentimita, mkichonga juujuu rangi inajaa kwenye mitaro na hapo ndo doa linapozaliwa. Herufi zichongwe kwa kugeuzwa. Kuchonga ufanye wewe au wakubwa, watoto wapewe kazi ya kugonga, na rangi iwe nzito, ipakwe kwa kipande cha sponji ya godoro. Chini ya karatasi tandikeni gazeti lililokunjwa mara kadhaa, muhuri ukigongwa kwenye meza ngumu unaacha mapengo. Kiazi ni cha siku hiyohiyo, kesho kimesinyaa.

Kwa mvua ya Rungwe fungeni kamba darasani mning'inize kadi kwa vibanio vya nguo, na kila kadi igongwe rangi moja tu kwa siku. Halafu mna hazina nyingine huko, magome makavu ya mgomba. Chagueni yale ya kahawia yenye mistari, yafuteni vumbi, yapigwe pasi ya uvuguvugu juu ya kitambaa yanyooke, yakatwe maumbo ya nyumba, mlima, kuku, chochote. Yabandikwe kwa gundi nyeupe. Gundi ya unga kwa hali ya hewa hiyo inaota ukungu na inaita mende.

Swali: Njombe hapa. Akriliki yangu mwezi wa sita na wa saba inakauka lakini inapukutika unga na kupasuka. Nimeuziwa feki?

Jibu: Inawezekana ni baridi tu. Akriliki ni vichembe vya plastiki ndani ya maji, maji yakiondoka vichembe vinatakiwa kuungana viwe ngozi moja, na chini ya nyuzi joto 10 hivi haviungani vizuri. Paka mchana chumba kinachopigwa jua, weka chupa za rangi humo humo usiku, na uache kadi humo mpaka kesho yake. Jiko la mkaa usilifungie ndani kwa ajili ya kukaushia, tafadhali sana, hewa yake inaua.

Swali: Anti habari, natokea Iringa mjini. Nilinunua karatasi ya kinyesi cha tembo, ni nzuri ajabu, lakini nikigonga muhuri wino unasambaa kila upande. Kwa nini?

Jibu: Nzuri njema. Hiyo karatasi inanifurahisha kila nikiishika, na Iringa mna haki ya kujivunia, Neema Crafts wameanza mwaka 2003 wakifanya kazi na watu wenye ulemavu na karatasi hiyo ni miongoni mwa vitu vilivyowatambulisha. Tembo anasaga chakula chake nusunusu tu, nyuzinyuzi za majani na magome zinatoka karibu zima, zinaoshwa, zinachemshwa, zinapondwa na kuchujwa kwenye chekecheke. Wino unasambaa kwa sababu karatasi nyingi za mkono hazina ile gundi ya ndani ambayo viwanda vinaweka kuzuia wino usinyonywe. Chemsha kijiko kimoja cha wanga wa mahindi kwenye vikombe viwili vya maji mpaka uwe mwepesi unaopitisha mwanga, ukipoa paka kwa brashi laini, anika, jaribu muhuri kwenye kona. Au gonga muhuri kwenye kipande cha manila halafu ukibandike juu yake, na ukweli ni kwamba karatasi ya aina hiyo inapendeza zaidi ikiachwa ionekane kuliko kujazwa rangi.

Swali: Kuna barua za marehemu babu hapa kwetu Mbeya, bahasha zina stempu za Kenya Uganda Tanganyika zenye picha ya Malkia Elizabeth. Nataka kuzikata nibandike kwenye picha ya kuchanganya karatasi na rangi ya kumkumbuka. Zitadumu?

Jibu: Usizikate mpendwa. Stempu hizo zikiwa na huyo Malkia ni za miaka ya 1950 au mwanzoni mwa 1960, na bahasha ikibaki nzima ule muhuri wa posta unaonesha barua ilitoka wapi na lini, ukikata stempu peke yake umeondoa nusu ya habari za babu. Isitoshe wino wa baadhi ya stempu za zamani ukikutana na gundi ya maji unayeyuka.

Peleka bahasha steshenari upigiwe fotokopi ya rangi, ya mashine ya tona, yaani wino wa unga, sio printa ya wino wa maji. Tona ni plastiki, maji hayaiondoi. Paka gundi nyeupe kwenye ubao au manila nzito, laza fotokopi kifudifudi, sugua na kadi ya simu kutoa hewa, acha ikauke mpaka kesho. Lowesha mgongo wa karatasi kwa sponji, uache kidogo, halafu sugua taratibu kwa kidole, karatasi inatoka vipindovipindo na picha inabaki imeng'ang'ania kwenye gundi. Juu yake unaweza kupitisha rangi nyepesi, bado stempu, mwandiko na muhuri wa posta vitaonekana. Ila picha inahama ikiwa imegeuka, kwa hiyo mwambie kijana wa steshenari aiskani na kuigeuza kwanza kabla hajaitoa, la sivyo jina la babu litasomeka kinyume.