Jibu: Sikio linalia "wiiii" siku ya nne baada ya muziki mkubwa, nifanye nini?

Mkuu, kwa watakaosoma baadaye naweka kwanza swali lako kwa ufupi: ulisimama karibu na spika kubwa kwa muda wa kama saa tatu, kulipokucha sikio la kushoto likawa na mlio mwembamba usiokoma, sauti za watu zinakuja kama zimefunikwa blanketi, na leo ni siku ya nne. Unauliza kama itapona yenyewe, utumie dawa gani, na kama wiki ijayo unaweza kurudi kazini kwenye grinda.

Nianze na lile blanketi, maana ndilo lenye haraka. Mlio unaweza kusubiri. Usikivu ulioshuka hausubiri. Watu wengi hupoteza wiki tatu wakidhani ni nta imeziba, na wakifika hospitali muda mzuri wa tiba umekwisha kupita.

Fanya jaribio hili sasa hivi. Kaa pahali palipotulia, funga mdomo, kisha guna "mmmm" kwa sauti nzito. Sikiliza mguno unaegemea upande gani. Ukisikika zaidi kwenye sikio bovu, huenda kuna kizuizi njiani: nta, majimaji nyuma ya ngoma ya sikio, au ngoma yenyewe imetoboka. Ukihamia kwenye sikio zima, hitilafu iko ndani zaidi, kwenye koklea (kiungo cha ndani kinachopokea sauti) au neva ya usikivu. Daktari hufanya jambo hilohilo kwa kugusisha uma wa sauti, chuma chenye meno mawili kinachotetema, wa hezi 512 (mitetemo 512 kwa sekunde) katikati ya paji la uso. Jaribio la nyumbani halitoshi kukupa jibu, lakini mguno ukihamia upande mzima, nenda leo, usisubiri kesho kutwa.

Ukifika, omba daktari wa masikio, pua na koo, na sisitiza upimwe usikivu kwa mashine. Kuchungulia sikio kwa tochi pekee hakutoshi, kwa sababu sikio lililoumizwa na kelele kwa kawaida huonekana safi kabisa kwa macho. Usikivu ukiwa umeshuka kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 30 au zaidi kwenye masafa matatu yanayofuatana, yaani ngazi za sauti kutoka nzito hadi nyembamba, na ukashuka ndani ya saa 72, madaktari huuchukulia kama dharura. Tiba inayotumika ni steroidi, dawa za kutuliza uvimbe. Kipimo cha kawaida kwa mtu mzima ni prednisoloni miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito, isizidi 60 kwa siku, kwa siku 7 hadi 14, kisha hupunguzwa taratibu. Hufanya kazi vizuri zaidi ndani ya wiki mbili za mwanzo. Vidonge visipofua dafu, kuna sindano inayopenyezwa kupitia ngoma ya sikio, nayo hutolewa hadi kama wiki ya sita.

Hapa niseme ukweli. Ushahidi wa steroidi ni bora kwa usikivu ulioshuka ghafla bila chanzo kujulikana. Kwa sikio lililopigwa na kelele ushahidi ni mwembamba zaidi. Madaktari wengi huitoa hata hivyo, kwa sababu dirisha ni fupi na hasara ikikaa hairudi. Huo ni uamuzi wa kufanya na daktari aliyeona karatasi yako ya vipimo. Usijinunulie. Steroidi hupandisha sukari na presha, huchokoza vidonda vya tumbo na huharibu usingizi, kwa hiyo mweleze ukiwa na lolote kati ya hayo.

Dalili nyingine za kukimbia nazo hospitali: kizunguzungu kikali, uso kulegea upande mmoja, damu au usaha sikioni. Mlio unaodunda sambamba na mapigo ya moyo nao unahitaji uchunguzi wake, maana chanzo chake mara nyingi ni mshipa wa damu.

Sasa, itapona? Inategemea kilichoumia ni kipi. Ndani ya koklea kuna seli za vinyweleo kama 15,000 kwa kila sikio. Takriban 3,500 ziko safu ya ndani, na hizo ndizo zinazopeleka habari kwenye ubongo. Nyingine kama 12,000 ziko safu tatu za nje, kazi yake kuikuza sauti hafifu. Kelele kubwa huvilaza vinyweleo kama nyasi zilizokanyagwa, na huvimbisha ncha za neva zilizoshikana navyo. Vilivyolala tu huinuka: sehemu kubwa ya nafuu huja ndani ya saa 16 hadi 48 za mwanzo, na nyingine huendelea kuja kidogo kidogo kwa wiki mbili tatu. Seli iliyokufa haioti tena. Ndege huzizalisha upya, mamalia hatuna uwezo huo, na mpaka sasa hakuna dawa iliyoidhinishwa ya kuzirudisha. Anayekuuzia tone au kidonge cha "kuotesha" usikivu anakuibia.

Kuna jeraha la tatu ambalo watu wengi hawalijui, na ndilo linalowafanya waambiwe "huna tatizo" ilhali wanateseka. Mwaka 2009 watafiti Kujawa na Liberman waliwaweka panya kwenye kelele ambayo usikivu wao ulirudi sawasawa baadaye. Walipochunguza koklea zao, seli zilikuwa nzima, lakini hadi nusu ya maungio kati ya seli za ndani na neva yalikuwa yamepotea kwenye masafa ya juu. Kwa binadamu hili bado linachunguzwa, ila linaeleza vizuri mtu anayepata karatasi safi kwenye chumba kimya, kisha kwenye meza yenye watu sita hashiki maneno, na mlio haujaondoka.

Kwa hiyo ukipimwa, uliza mambo haya. Je, wamepima hezi 3,000 na 6,000? Vituo vingine huruka kutoka 2,000 hadi 4,000 na kutoka 4,000 hadi 8,000. Alama ya kelele ni shimo kati ya 3,000 na 6,000, mara nyingi kwenye 4,000, na mstari hupanda tena unapofika 8,000. Shimo dogo la kwenye 6,000 likirukwa, unaambiwa uko sawa. Omba pia kipimo cha kuelewa maneno penye kelele, kama wanacho. Kaa mbali na kelele saa 14 kabla ya kupimwa, la sivyo utapima uchovu wa siku ile. Odiogramu, yaani karatasi ya kipimo chako, ichukulie nakala, kisha rudia kipimo baada ya wiki nne hadi sita. Karatasi moja peke yake haisemi kama unapanda au unashuka.

Katika wiki hizi mbili sikio linahitaji utulivu. Utulivu, si ukimya, na hapa ndipo wengi wanapojiumiza kwa nia njema. Acha hedifoni na spika za masikioni kabisa, acha mashine, acha muziki mkubwa. Lakini usishinde na vizibo vya masikio nyumbani. Ubongo ukikosa sauti huongeza nguvu ya kusikiliza, kama mtu anavyoongeza sauti ya redio isiyoshika stesheni, na kinachopanda ni mkwaruzo wenyewe. Mlio ni sehemu ya mkwaruzo huo. Mtu anayevaa vizibo siku nzima kwa wiki kadhaa huanza kuumizwa hata na sauti ya vijiko, na kuitoa hali hiyo ni kazi ndefu kuliko mlio uliomfanya avivae.

Usiku weka sauti ya chini ya kawaida: feni, mvua iliyorekodiwa, redio isiyo na mazungumzo. Iweke chini kidogo ya mlio, uvisikie vyote viwili. Ukiuzamisha mlio kabisa unapata nafuu ya saa ile, lakini ubongo haupati nafasi ya kujifunza kuupuuza. Sauti itoke kwenye spika ndogo pembeni ya kitanda, isitoke kwenye kitu kilichochomekwa sikioni.

Kuhusu dawa za mlio wenyewe: hakuna kidonge kinachouzima. Mwongozo wa madaktari wa masikio wa Marekani wa mwaka 2014 unashauri dhidi ya ginkgo, zinki na melatonini kwa ajili ya mlio, pamoja na dawa za kifafa, za sonona na za wasiwasi zikitolewa kwa lengo hilo tu. Mafuta, maji ya kitunguu saumu na mishumaa ya masikio havifiki panapouma, kwa kuwa jeraha liko nyuma ya ngoma, ndani ya mfupa. Ngoma ikiwa imetoboka, kimiminika hicho kinaweza kupenya ndani na kuleta maambukizi. Vijiti vya pamba navyo vipumzishe.

Angalia pia unachomeza. Aspirini ya dozi kubwa na kwinini huleta mlio, na kwa kawaida hutulia dawa ikiisha mwilini. Sindano za gentamaisini na dawa ya saratani sisplatini huweza kuua seli moja kwa moja. Usikatishe dawa uliyoandikiwa. Mwambie aliyekuandikia kwamba sikio lako limeumia karibuni, aone kama kuna mbadala.

Chenye ushahidi mzuri zaidi ni tiba ya mazungumzo inayorekebisha fikra na tabia. Haipunguzi ukubwa wa mlio, inapunguza mateso yake, na tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyosikika. Mlio hukua pale ubongo unapouwekea alama ya hatari. Kila asubuhi ukijifungia chumbani kuusikiliza "leo umepungua?", unauwekea alama upya. Acha kuupima. Ukihitaji kumbukumbu, andika mara moja kwa wiki jinsi ulivyolala na jinsi ulivyofanya kazi. Utapanda na kushuka. Siku mbaya baada ya kukosa usingizi haina maana umeharibika zaidi. Kuzoea huchukua miezi. Vipimo vikionyesha usikivu umebaki chini, kifaa cha kusaidia kusikia mara nyingi hupunguza mlio pia, kwa sababu kinaurudishia ubongo sauti ulizokuwa unazitafuta. Na ukifika mahali unaona huwezi kuendelea kuishi na sauti hii, mwambie mtu wa karibu na daktari siku hiyohiyo. Hilo linatibika.

Grinda: wiki ijayo hapana. Omba kazi ya pembeni mpaka urudie kipimo. Hesabu ni hii. Taasisi ya usalama kazini ya Marekani, NIOSH, inakubali desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu: 88 saa 4, 91 saa 2, 94 saa 1, 100 dakika 15. Grinda ya mkono hufika 100 na zaidi ikikata chuma.

Utakaporudi, usiamini namba ya kwenye pakiti. Kizibo cha sifongo kilichoandikwa 33 kwa kipimo cha Kimarekani, toa 7, gawanya kwa 2, unabaki na kinga ya 13 hivi. Grinda ya 103 inashuka hadi 90, bado ni nyingi. Vaa vifunika masikio juu ya vizibo, ongeza kama 5, unafika 85. Kuvaa: nawa mikono, viringisha kizibo kiwe chembamba bila mikunjo, pitisha mkono wa pili juu ya kichwa uvute sikio juu na nyuma, sukuma, kisha shikilia sekunde 30 hadi 40 kijae. Sauti yako mwenyewe ikigeuka nzito, kimekaa. Ukiziba masikio kwa viganja na kelele ikapungua sana, hakijakaa. Toa uanze upya. Pamba na karatasi laini si kinga.

Tena usivivue "dakika moja tu" mashine ikiwa inaunguruma. Kinga ya desibeli 30 ukiivua dakika 48 tu kati ya saa 8, wastani wake unashuka hadi kama 10. Ukiivaa nusu ya muda, unabaki na 3.

Ukishapimwa, weka hapa namba za kila sikio kwenye hezi 2,000, 3,000, 4,000, 6,000 na 8,000. Jina na namba ya faili vifiche. Andika pia mguno ulielekea upande gani.