Mshahara wa mke mwalimu, na mtoto anayebaki nyumbani shule zikifunguliwa

SWALI

Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Pangani. Nina watoto watatu: wa kwanza anaingia kidato cha kwanza mwezi huu, wa pili yuko darasa la tatu, wa mwisho ni wa kiume, hajatimiza miezi minne. Likizo ya uzazi iliniishia shule zinafungwa Desemba, hivyo nikapata kukaa naye mpaka sasa. Jumatatu nimerudi kazini, mtoto nimemwacha kwa shangazi yangu. Tukiwa mstarini, wanafunzi wanaimba, maziwa yakatoka yakalowesha gauni. Nikajifunika na daftari la mahudhurio. Kwa sababu ya gauni lile sikuswali Adhuhuri mpaka Alasiri ikaingia. Mume wangu ana duka la spea za pikipiki. Amenitumia klipu ya sheikh mmoja anayesema mke anayetoka kwenda kazini ameasi amri ya kutulia nyumbani, na mshahara wake ni haki ya mume kwa kuwa muda aliouuza ni wa mume. Tangu siku hiyo ananiambia nichague: nimpe kadi ya benki au niache kazi. Na sare na mahitaji ya huyo wa Form One anasema ni juu yangu, "si unalipwa wewe?" Je, nina dhambi kumwacha mtoto? Na mshahara ni wa nani?

JIBU

Wa alaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh.

Mwanangu, nianze na gauni, maana hilo ndilo lililoniuma. Maziwa ya mama ni safi, si najisi. Hukuhitaji kubadili nguo wala kuifua. Adhuhuri ile uilipe, na siku nyingine uswali na doa lako hivyo hivyo. Na huyo wa kiume, maadamu hajaonja uji, akikukojolea asubuhi umeshavaa unatoka, nyunyizia maji mpaka paenee pale palipopata mkojo, basi. Ummu Qays bint Mihsan alimpeleka mwanawe mchanga kwa Mtume (s.a.w.), akamkalisha mapajani, mtoto akamkojolea. Mtume akaagiza maji akanyunyizia, hakuifua nguo. Imo katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim. Akishaanza uji, hapo unafua. Mkojo wa mtoto wa kike wenyewe huoshwa tangu mwanzo. Hilo nalisema kwa faida ya wengine.

Sasa hiyo klipu. Wiki hii wewe ni wa tatu kuniletea, na mwaka jana wakati kama huu ililetwa pia. Mwezi wa Juni hakuna anayeniuliza mshahara wa mke ni wa nani. Ni Januari, viatu vyeusi vikishatajwa na godoro la bweni likishatajwa, ndipo watu wanapokumbuka kufungua vitabu.

Msemaji amejenga hoja yake juu ya aya ya Suratul Ahzab, "Na tulieni majumbani mwenu." Aya siikatai, nakataa kuikata. Imeshuka ikisema na wake wa Mtume, na wanazuoni wamewaingiza wanawake wengine katika adabu yake, sawa. Lakini hao hao wake wa Mtume waliifahamu vipi? Bibi Sauda alitoka usiku kwa haja yake baada ya amri ya hijabu kushuka. Umar akamtambua kwa umbo lake, akamsemesha. Akarudi kwa Mtume kushtaki, Mtume akiwa anakula chajio na mfupa mkononi. Wahyi ukashuka, na mfupa bado kaushika, akasema: mmeruhusiwa kutoka kwa haja zenu. Hii iko Bukhari. Basi yule aliyeteremshiwa aya anasema mmeruhusiwa, na huyu wa kwenye simu anasema mmeasi. Mimi najua nimfuate nani.

Jabir, sahaba wa Mtume, naye anasimulia habari ya mama yake mdogo. Alikuwa ameachwa, yumo ndani ya eda, akataka kwenda kukata tende zake. Bwana mmoja akamkemea asitoke. Akaenda kwa Mtume, naye akamwambia: nenda kakate mitende yako, huenda ukatoa sadaka au ukafanya wema. Ameipokea Muslim. Mwanamke wa eda, ambaye katika kutoka kwake sheria ni kali kuliko kwako, ameambiwa nenda. Na usisahau Shifaa bint Abdillah, aliyemfundisha Bibi Hafsa kuandika, na Mtume akamtaka amfundishe na kisomo cha zinguo. Iko kwa Abu Daud. Kazi yako ina mwenye kukutangulia, na mwanafunzi wake alikuwa mke wa Mtume.

Mie mwenyewe alif, be, te nimezisoma kwa mwanamke. Alikuwa akikaa juu ya mbuzi anakuna nazi, mjukuu mgongoni kwenye mbeleko, sisi tuko mkekani na mbao zetu. Ukikosea irabu alikusahihisha bila kuinua macho kwenye nazi. Wengi wa hawa wanaopanda mimbari leo kuwaambia wanawake watulie, Juzuu Amma wamesomeshwa na mabibi kama huyo.

Tuje kwenye mshahara, maana hapo ndipo penye ncha. Anasema muda ni wa mume, basi thamani ya muda ni ya mume. Hoja inang'aa, ukiigusa inavunjika. Mwenyezi Mungu katika Suratun Nisaa anasema wanaume wana fungu katika walichochuma, na wanawake wana fungu katika walichochuma. Na katika sura hiyo hiyo, kuhusu mahari, ambayo ni pesa iliyotoka mfukoni mwa mume mwenyewe, amesema wakikupeni kitu humo kwa radhi ya nafsi zao ndipo mle. Ikiwa alichokitoa yeye hawezi kukirudia bila ridhaa yako, atakipataje kwa lazima ambacho hakukitoa?

Kisha kuna Zainab, mke wa Abdullah bin Mas'ud. Alikuwa na mali yake, mumewe ni mtu wa kipato kidogo, na ana mayatima anaowalea. Akaenda mpaka mlangoni kwa Mtume, akamtuma Bilal aulize: nikimpa mume wangu na mayatima hawa, inanihesabikia sadaka? Jibu likatoka: ana ujira mara mbili, wa udugu na wa sadaka. Bukhari na Muslim wote wameipokea. Sasa tafakari. Lau mali ya mke ingekuwa ya mume, Mtume angemwambia unauliza nini, si yake tayari? Mtu hamtolei sadaka mwenye mali kutoka katika mali yake mwenyewe.

Watakuja wanaosema: lakini vitabu vyetu vya madhehebu ya Shafi vinasema mke akitoka bila idhini anapoteza haki ya matumizi. Kweli, vinasema. Ila hapo mafaqihi, wanazuoni wa sheria, wanazungumzia masurufu yake yeye mke, na kutoka bila idhini. Wewe alikuoa ukiwa mwalimu, alikuona na chaki mkononi, miaka yote hii ameridhia. Na kuporomoka kwa masurufu ni jambo moja, mshahara kuhamia kwa mume ni jambo jingine kabisa. Katika vitabu nilivyosomeshwa sijaliona hilo. Wapo wanazuoni wasioyapa maridhiano ya namna hii, ya kumwoa mwanamke akiwa kazini, nguvu ya kumfunga mume daima, hilo sikufichi, na wapo wanaosema linalojulikana kwa ada ni kama lililoshartiwa, nami niko upande huo. Lakini hata wale wa kwanza hakuna aliyesema kwamba idhini inauzwa. Mume akisema toka, ametoa ruhusa. Akisema toka lakini leta kadi, hiyo ni kodi.

Na ajabu ya klipu hii iko mwishoni. Dakika mbili za mwanzo kazi ya mke ni maasi, dakika mbili za mwisho pato la maasi hayo ni haki ya mume. Kama ni maasi, mbona analipigia hesabu?

Kwa hiyo kadi usiitoe. Sare, viatu, godoro, madaftari, kula na kuvaa kwa watoto wote watatu ni juu ya baba yao, na hilo halianguki hata mke akiwa amekosea, seuze wewe usiyekosea. Mwenye wasaa agharimu kwa wasaa wake, na aliyepungukiwa atoe kwa kadiri alichopewa, ndivyo ilivyo katika Suratut Talaq. Ukisaidia, umesaidia, na una ujira wa Zainab. Bibi Ummu Salama, mke wa Mtume, pia aliuliza kama ana ujira kwa kuwagharimia wanawe aliozaa na mumewe wa kabla, Abu Salama, akaambiwa anao.

Mtoto je? Aya ya Baqara inayotaja kunyonyesha miaka miwili ndiyo hiyo hiyo inayosema mkitaka kuwatafutia watoto wenu wa kuwanyonyesha, hapana ubaya. Mtume wetu mwenyewe alilelewa jangwani kwa Bibi Halima, mbali na mama yake. Wewe umemwacha kwa shangazi yako, damu yako, na saa tisa umesharudi. Dhambi sijaiona. Nilichokiona ni mama aliyechoka.

Na kwa huo uchovu, fanya haya. Kamua maziwa alfajiri, shangazi ampe kwa kikombe. Nenda kwa mwalimu mkuu, kwa adabu, umkumbushe kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku, ndani ya muda wa kazi, akamnyonyeshe mwanawe. Kama kwa shangazi si mbali, panga vipindi vyako upate kwenda na kurudi. Maazimio ya kazi na maandalio usiyaandike usiku wa manane ukiwa umempakata. Chukua saa moja ya Jumamosi, baba yao awe naye. Na Alfajiri, mtoto akilia nawe umo ndani ya swala, soma sura fupi umalize. Mtume aliingia kwenye swala anakusudia kuirefusha, akisikia kilio cha mtoto akaifupisha, kwa kujua mama yake anavyoungulika. Usijione umeiba swala.

Asubuhi ya nyumba yenye watoto watatu si ya mtu mmoja. Bibi Aisha aliulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, akasema alikuwa katika kazi za watu wake, swala ikifika akatoka. Basi kupiga pasi shati la darasa la tatu hakuvunji heshima ya mwanamume, wala duka la spea halifunguliwi kabla ya shule.

Kuhusu mumeo, sitaki uende naye na jibu hili kama askari na hati. Siwezi kusema yaliyomo moyoni mwake. Ila nimekaa na waume wengi, na najua mwanamume akibanwa wakati mwingine hutafuta fatwa kwa kuona haya kusema "sina." Huenda mwezi huu duka halikuuza. Muulize kwanza hilo, watoto wakishalala, bila kuitaja klipu. Akikwambia kweli hana, gawaneni: yeye viatu na sare, wewe madaftari na kava, godoro lisubiri mwisho wa mwezi kama shule itakubali. Akiwa anacho na hataki kutoa, hilo ni jambo jingine, na Mtume amesema yatosha mtu kuwa na dhambi kuwatelekeza anaowalisha. Hapo wazee wa pande zote mbili waingie. Na akikwambia ukope kwa mshahara wako mkopo wa riba ili mtoto apelekwe bweni, kataa, hata akikasirika.

Akitaka tuzungumze, mie baada ya Isha niko barazani. Klipu aiache nyumbani.

Wallahu aalam.