Kupanga mwaka wa jumuiya ya Kiunitaria Mtwara na Lindi

Waunitaria ni watu wa dini iliyotokana na Wakristo walioukataa Utatu. Jumuiya ya Kiunitaria yenye mwelekeo wa utu, yaani inayotanguliza utu kuliko fundisho la imani, haimdai mtu akiri imani fulani kabla ya kupewa kiti. Katika chumba kimoja anaweza kukaa aliyelelewa madrasa, aliyebatizwa Ndanda na asiyeamini kuwa Mungu yupo, na wote wakawa wanachama kamili. Kinachowashika ni agano la kutendeana vyema, pamoja na mambo wanayoyafanya kwa pamoja wiki hadi wiki. Ratiba ikiyumba, jumuiya nayo inayumba. Na ratiba nyingi zinayumba huku kwetu kwa sababu moja: zimenakiliwa kutoka Marekani, ambako mwaka wa jumuiya hufunguliwa Septemba watu wakirudi likizo. Septemba ya Mtwara mtu macho yake yako kwenye mikorosho.

Anzeni na saa. Wengi wanaojiunga na Waunitaria hawazihami nyumba zao. Wana wenza na wazazi wanaokwenda kanisani au msikitini, na Jumapili asubuhi inawavuta pande mbili. Jumapili saa 10 kamili jioni inafaa zaidi: sala ya alasiri imekwishapita, jua limepunguza makali, na mkifunga saa 11 na nusu anayeswali magharibi anawahi. Saa moja iwe ya ibada, nusu saa ya chai. Msivuke hapo hata mazungumzo yakinoga, maana mtu aliyekawizwa mara mbili hadi gizani hatagomba, ataacha tu kuja. Ramadhani huwahi kwa siku 10 au 11 kila mwaka, na kwa miaka hii inaangukia Februari na Machi. Mwezi huo futeni chai, ibada iwe ya dakika 40, na jioni moja mfuturishe majirani.

Kisha utazameni mwaka kama mkulima anavyoutazama. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, tangu Novemba au Desemba hadi Aprili. Januari na Februari watu wanapalilia huku ghala linaelekea kukauka, basi msiitishe mchango wowote miezi hiyo. Juni hadi Agosti mikorosho inapulizwa salfa kuzuia ugonjwa wa ubwiri unga, lakini barabara ni kavu na safari za vijijini zinawezekana. Oktoba hadi Desemba ni mavuno na minada. Ahadi za mwaka za wanachama, yaani michango waliyoahidi, zikusanywe hapo, wiki kadhaa baada ya mnada na si siku yenyewe, kwa kuwa malipo hupita chama na benki kabla ya kumfikia mwenye korosho. Anayebanwa atoe ahadi ambayo hajaishika mkononi ataiona jumuiya kama mdai. Kumbukeni pia likizo za shule za Juni na Desemba: huo ndio wakati wa jando na unyago, na familia yenye mtoto jandoni haiji kwenye semina yenu. Wapelekeeni pongezi, shughuli isogezwe.

Ushirika wa Maua, ibada ya Waunitaria ya kubadilishana maua kila Juni, hauhitaji kusogezwa. Mchungaji Norbert Čapek aliuanzisha Prague Juni 1923, akitafuta tendo ambalo watu wake, wengi wakiwa wametoka katika makanisa waliyoyachoka, wangelifanya pamoja bila mkate na divai. Kila mtu analeta ua, yote yanachanganywa, na kila mtu anaondoka na ua lisilo lake. Wanazi walimkamata 1941 na kumwua 1942. Mkewe Maja ndiye aliyeufikisha Marekani. Kisa hiki kisimuliwe kila mwaka, dakika tatu zinatosha. Bila kisa, lile tendo linabaki pambo tu.

Juni kwetu bado kuna maua kwa sababu mvua haijaondoka zamani. Adui ni joto. Ua lililochumwa saa 8 mchana limelegea kabla ya ibada kuanza, kwa hiyo chumeni asubuhi kabla ya saa 2, shina likatwe mshazari, lizamishwe ndani ya ndoo ya maji kivulini. Ndoo mbili za lita 10 zinatosha watu 40. Bogenvilia na waridi huvumilia. Asumini haina shina la kushikika, hivyo fungeni vikonyo vitano kwa uzi. Oleanda msiipokee kabisa: mti wote una sumu, na watoto hupeleka mikono mdomoni. Wekeni maua 10 ya akiba mlangoni ili aliyekuja mikono mitupu apewe lake kabla hajaona haya.

Ushirika wa Maji ndio wa kuhamisha. Ulianza 1980 kwa kazi ya Carolyn McDade na Lucile Longview huko Marekani, na makutaniko mengi huufanya Septemba: kila mmoja anamimina maji kidogo kwenye chombo kimoja na kusema yametoka wapi. Huku uwekeni Desemba, mvua za kwanza zikishanyesha. Unapoharibika, huharibika kwa namna ile ile, yaani unageuka maonyesho ya safari. Mmoja ameleta maji ya Zanzibar, mwingine ya Nairobi, na bibi aliyetoka Chikongola na chupa ya bomba anakaa kimya. Badilisheni swali. Badala ya “umetoka wapi?” ulizeni “nani aliyabeba maji haya, na umbali gani?” Katika mkoa huu swali hilo lina uzito. Uwanda wa Makonde uko juu na hauna mito ya kuteka. Vizazi kwa vizazi wanawake wa Newala na Tandahimba wameshuka mabondeni na kupanda na ndoo kichwani. Mkiliuliza hivyo, atakayesikilizwa zaidi ni yule bibi.

Vipimo: robo kikombe kwa mtu, yaani kama lita mbili na nusu kwa watu 40, ndani ya beseni la lita 10 lisilo na kutu. Maji ya bahari ya Mikindani yaingie chombo chake cha pembeni. Yakichanganyika, mchanganyiko wote unakuwa wa chumvi na hamwezi kumwagia miche. Kama mnaweka sehemu ya kubarikia watoto mwakani, yachemsheni dakika chache, yachujeni kwa kitambaa safi, mfunge kwenye chupa yenye kizibo, na siku ya kuyatumia yachemsheni tena.

Kikombe chenye mwali, alama ya Waunitaria ambayo Hans Deutsch aliichora 1941 kwa ajili ya kamati iliyokuwa ikiwasaidia wakimbizi wa vita, kinawashwa mwanzo wa kila ibada. Chini ya banda lililo wazi, upepo wa kusi wa Mei hadi Septemba utakizima mara tatu na watoto watacheka. Jazeni bakuli mchanga mkavu nusu, simamisheni mshumaa mnene, funikeni kwa kioo cha taa ya chemli. Spiriti msitumie, kwa sababu mchana ndimi zake hazionekani, na mtu huweza kuongeza nyingine akidhani moto umezima.

Sehemu inayopendwa kuliko zote, na ndiyo inayokula saa, ni ile ya furaha na huzuni. Ikiachwa bila mipaka inafika dakika 40 na hotuba inakatwa. Wekeni sahani ya maganda ya kome na bakuli la maji. Mwenye neno anadondosha kome, anasema sentensi mbili, anakaa. Asiyetaka kusema anadondosha kimya. Habari ya ugonjwa wa mtu isitamkwe bila ruhusa yake mwenyewe, hata kama anayeisema ni ndugu yake na nia ni njema. Mji wetu ni mdogo, na kilichosemwa Jumapili jioni Shangani kinajulikana sokoni Jumatatu. Mwenzetu aliyefichuliwa hivyo harudi, na ana haki asirudi.

Kwa mambo mazito zaidi kuna duara la mazungumzo: watu 8, wasizidi 10, mara mbili kwa mwezi, saa moja na nusu, nyumbani kwa mtu. Swali ni moja. Kila mmoja anapewa dakika tatu au nne bila kukatizwa, wanakaa kimya kidogo, kisha mzunguko wa pili wa kuitikia waliyosikia. Utani wa makabila, ambao popote pengine ni raha yetu, usubiri hadi chai. Katika mzunguko wa kwanza unamfanya mtu ajihami kabla hajasema lake. Mwenyeji asilazimike kuandaa zaidi ya maji na chai, kwani vyakula vikianza kushindana, wenye nyumba ndogo wataacha kukaribisha.

Na chakula cha pamoja kina mtego wa jinsi hiyo. Desturi ya makutaniko ya Ulaya na Marekani ni kila nyumba kuleta sahani yake. Hapa sahani inatangaza hali ya nyumba, mwenye nazi na pweza huku na mwenye ming'oko (viazi vya porini) ya kuchemsha kule, ingawa sisi tunaipenda ming'oko. Afadhali kapu lenye kifuniko lipitishwe Jumapili mbili kabla, kila mtu atie alichonacho bila kuonekana, kisha mpike sufuria moja. Pilau ya watu 40 inataka mchele kilo 6, nyama kilo 4 hadi 5, vitunguu kilo moja na nusu na mafuta kama lita moja. Nyama iwe ya kuchinjwa kihalali, nguruwe na pombe visiwepo, hata uraka, pombe ya mabibo. Pikeni sufuria ya pili ya kunde kwa wasiokula nyama, na kijiko chake kisihame. Moto uwashwe muda wa saa tatu kabla ya kula. Mkaa uliolowa kwenye kifuku, yaani msimu wa mvua, ndio unaochelewesha chakula, basi gunia likae ndani.

Kazi za nje ya jumuiya msizidishe. Moja kwa miezi mitatu inatosha, ilimradi itimizwe. Mkitaka kwenda Hospitali ya Ligula, muoneni kwanza ofisa ustawi wa jamii mumuulize wodi ipi ina upungufu, maana wagonjwa hupelekewa biskuti na soda wakati kinachokosekana ni sabuni na nepi. Picha za wagonjwa zisipigwe. Mkisafisha ufuo, tumieni kalenda ya mwezi. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hukupwa sana katikati ya asubuhi na taka zote zinakuwa wazi. Siku za maji mafu mtaokota kidogo na kurudi mmechoka. Kamba za nyavu zilizofukiwa zikateni, msizivute, la sivyo mikono itachanika. Glovu za mpira mnene, jozi moja kwa kila mtu. Kabla ya kubeba chochote, ulizeni mahali pa kumwaga. Taka zilizoachwa kwenye magunia kando ya njia zinarudi baharini mvua ikinyesha.

Bango la nje lisubiri makaratasi. Ibara ya 19 ya Katiba ya 1977 inalinda uhuru wa imani, lakini chombo cha dini kinasajiliwa chini ya Sheria ya Jumuiya, kwa Msajili wa Jumuiya aliye Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Andikeni katiba yenu na tunzeni mihtasari ya vikao tangu cha kwanza. Mtendaji wa mtaa ajulishwe mapema ninyi ni nani na mnakutana saa ngapi, aisikie habari hiyo kutoka kwenu kabla ya kuisikia kwa jirani. Mwaka wa uchaguzi, mgombea anakaribishwa kukaa na kusikiliza kama mgeni yeyote. Kipaza sauti hapewi.

Ratiba yenyewe iwe ukurasa mmoja wa miezi mitatu, ubandikwe ukutani na kutumwa WhatsApp. Kila shughuli iwe na siku, mahali, saa ya kuanza na ya kumaliza, cha kuleta, na jina la mwenye ufunguo pamoja na wa pili wake. “Kamati” si jina la mtu. Shughuli iliyokosa mwenyewe wiki mbili kabla ya siku yake ifutwe na itangazwe kuwa imefutwa, ili asitokee mtu ametoka Mikindani kwa nauli yake akakuta mlango umefungwa.