Kabla Hujaamini Jina Lililo Kwenye Dinari ya Kirumi

Sarafu yangu ya kwanza ya Kirumi niliinunua kwenye gulio la vitu vya kale huku Uingereza. Bahasha yake iliandikwa kwa kalamu: Antoninus Pius, dinari ya fedha. (Ndiyo, dinari ileile ya kwenye Injili.) Nikasoma maandishi yanayokizunguka kichwa, ANTONINVS PIVS AVG, nikaridhika, nikalipa.

Kwa miezi kadhaa kila mgeni aliyekuja kwangu alisimuliwa habari za mzee huyo, mfalme wa Roma aliyetawala kuanzia mwaka 138 hadi 161. Mpaka siku shemeji yangu alipoichukua akaisogeza dirishani. "Shemeji, mzee gani huyu hana ndevu?"

Nilinyamaza. Antoninus Pius huonekana mtu mzima, ndevu zimejaa. Wangu alikuwa kijana wa mashavu laini na shada la majani kichwani. Alikuwa Caracalla, mfalme mwingine wa Roma! Baba yake, Septimius Severus, alimpachika jina la Antoninus ili ukoo wao uonekane umetokana na watawala waliopendwa wa ukoo wa Antoninus Pius. Kwa hiyo ukikutana na jina hilo, angalia mpangilio wa maneno. Mzee kwa kawaida ni ANTONINVS AVG PIVS (AVG ni Augustus, cheo cha mfalme). Caracalla ni ANTONINVS PIVS AVG. Likitanguliwa na IMP (imperator, cheo kingine cha mfalme), mshuku kwanza Elagabalus, aliyetawala 218 hadi 222, maana naye alijivika jina hilohilo.

Kisha igeuze. Nyuma ya yangu yupo Mars, mungu wa vita, na mkuki na ngao, pamoja na maneno PONTIF TRP VIIII COS II. PONTIF na COS ni vyeo vya kuhani na konsuli. TRP ni mamlaka ya kitribuni, yaani madaraka rasmi aliyopewa mtawala, na namba yake ilipanda kila mwaka. Caracalla aliyapata mwaka 198, hivyo ya tisa ni 206, naye akiwa na miaka 18. Ndevu angezitoa wapi? Hiyo VIIII si kosa la fundi. Warumi waliiandika hivyo mara nyingi badala ya IX.

Mizani ya vito inasaidia. Yangu ina gramu 3.2 na upana wa milimita 19, sawa kabisa kwa dinari ya wakati ule. Ikiwa kubwa zaidi, na mfalme amevaa taji la miale kama ya jua, hiyo ni antoninianus, iliyoanza mwaka 215. Chunguza na ukingo: mstari wa kiungo unaouzunguka ni dalili ya kumiminwa kwenye kalibu, nayo dinari halisi iligongwa kwa nyundo.

Ukishasoma herufi hata nusu, zitafute OCRE, katalogi ya bure mtandaoni ya American Numismatic Society. Yangu niliipata humo jioni moja.

Ila usiisafishe. Mimi niliisugua kwa dawa ya meno, na sasa Caracalla wangu anang'aa kama sufuria mpya.