Tairi za radiali au za bayasi kwa trela ya safari?
Ndugu, kama trela unaivuta barabara kuu kwa saa nyingi, chukua radiali bila kusita. Nyuzi zake zinakatiza tairi moja kwa moja, ukingo hadi ukingo, na juu yake kuna mikanda ya chuma, kwa hiyo haichemki haraka. Joto ndilo linalopasua tairi za trela! Bayasi, ambayo nyuzi zake hupishana mshazari, ina ubavu mgumu na bei nafuu, inatosha kwa mwendo mfupi, ila ikiegeshwa muda mrefu hubonyea upande wa chini. Usizichanganye kwenye ekseli moja. Angalia maandishi ya saizi ubavuni, mfano ST205/75R15: hiyo R ni radiali, ukikuta D ni bayasi. Upepo pima tairi zikiwa baridi.