Kabla Hujashangilia Nyota Mbili

Wadogo zangu mnaojiandaa kwenda uwandani na mabunda ya madodoso, kaeni kidogo niwasimulie nilivyoaibika.

Tasnifu yangu ya uzamili iliuliza swali moja: mfanyakazi anayetendewa haki na bosi wake, je, hujituma zaidi? Nikatunga dodoso la kurasa nne. Ukurasa wa pili ulimuuliza mtu bosi wake anamtendeaje. Wa tatu ukamuuliza yeye mwenyewe anajituma kiasi gani. Mtu yuleyule, kalamu ileile, dakika ishirini zilezile. Nilipoingiza data kwenye SPSS, programu ya takwimu, uhusiano ukatoka na nyota mbili, alama kwamba si rahisi uwe umetokea kwa bahati tu. Usiku ule nilimpigia mama simu.

Msimamizi wangu hakunipa hongera. Jedwali hata hakulitazama. Alitaka madodoso yenyewe. Akayapekua kama karani wa benki anayehesabu noti, akachomoa moja. Alama za vema zilikuwa zimeshuka kwenye safu ya "Nakubali" kuanzia swali la kwanza hadi la mwisho, zimenyooka kama vifungo vya kanzu. Na humo ndani nilikuwa nimeweka maswali mawili yanayopingana waziwazi. Yote mawili amekubali. "Huyu," akaniuliza, "umempima nini?"

Wanasaikolojia Campbell na Fiske walishalisema tangu 1959: alama yoyote unayompa mtu imebeba vitu viwili, sifa unayotaka kuipima na njia uliyoitumia kuipima. Ukipima vitu viwili kwa njia moja, ile sehemu ya njia inajirudia kotekote, nawe unaiona kama uhusiano. Mtu aliyeamka na furaha kwa sababu mshahara umeingia atamsifu bosi na atajisifu mwenyewe. Mwenye tabia ya kukubali kila kitu atakubali kotekote. Na yule aliyekwisha kuandika kwamba bosi wake ni mwema ataona haya kujiita mvivu ukurasa unaofuata.

Piga hesabu ndogo. Tuseme robo ya tofauti za alama katika kila kipimo inatokana na njia, na njia ni ileile kwa vipimo vyote viwili. Hata kama haki ya bosi na kujituma havihusiani kabisa, utapata uhusiano wa 0.25, kwenye kipimo ambacho 0 ni hakuna uhusiano na 1 ni uhusiano kamili. Kwa wahojiwa 200, hiyo inatosha kabisa SPSS ikuwekee nyota zake mbili. Mimi nilikuwa na watu kama idadi hiyo, na tasnifu yangu nzima ilining'inia kwenye nyota hizo.

Usijifariji pia na alfa ya Cronbach, kipimo cha jinsi maswali ya dodoso yanavyokubaliana. Wote tunafurahi ikivuka 0.70, lakini wajibuji wanaoteremka safu moja, huyu 4 tupu, yule 3 tupu, ndio hao hao wanaoipandisha.

Sasa jambo ambalo vitabu vya ng'ambo havitakufundisha, kwa sababu ni la lugha yetu. Utaambiwa uchanganye maswali ya kukanusha ili kuwanasa wanaojibu bila kusoma. Mimi nilitafsiri moja hivi: "Sijawahi kufikiria kuacha kazi hii." Sasa aliyewahi kufikiria ajibu nini? Muulize mtu mwenye njaa, "Hujala?" Mmoja atakuambia "Ndiyo," yaani ndiyo, sijala. Mwingine atasema "Hapana, sijala." Wote wana njaa. Kwenye dodoso hao wawili wataangukia ncha mbili tofauti za mizani, na kompyuta haina habari. Andika "Nimewahi kufikiria kuacha kazi hii" uone kazi inavyokuwa rahisi. Kisha wape watu watano walisome kwa sauti na wakueleze kwa maneno yao swali linauliza nini. Hilo ni zoezi la jioni moja, na mimi sikulifanya.

Kosa langu jingine lilikuwa la adabu zaidi kuliko takwimu. Madodoso niliyaacha kwa mkuu wa ofisi, ayagawe na kuyakusanya. Yaani nilimwomba mtu aandike bosi wake ni dhalimu kiasi gani, halafu amkabidhi bosi karatasi! Peleka mwenyewe, na bahasha za kufunga kwa gundi. Na ukiandika namba juu ya karatasi, eleza ni ya nini kabla hujaulizwa, maana wengi wataiona namba hiyo kabla ya swali la kwanza.

Tiba ya kweli iko kwenye kupanga, kabla hujachapa chochote. Haki ya bosi muulize mfanyakazi. Kujituma kutafute kwingine, au angalau rudi baada ya wiki mbili. Ukimuuliza bosi naye ana ugonjwa wake: mwanasaikolojia Thorndike alionyesha mwaka 1920 kwamba maofisa wa jeshi wakimpenda askari, alama za umbo, akili na uongozi wake hupanda zote pamoja. Lakini angalau upofu wa bosi na upofu wa mfanyakazi si upofu mmoja.

Mtaambiwa pia mfanye jaribio la Harman baada ya kukusanya, la kukagua kama njia ndiyo imetawala majibu: maswali yote yatiwe kwenye uchanganuzi mmoja wa vipengele, na kipengele cha kwanza kisipoeleza nusu ya tofauti za majibu, mambo shwari. Mtafiti Podsakoff na wenzake walionya juu ya hili mwaka 2003: jaribio hilo halirekebishi kitu, na kadiri unavyoongeza vipimo ndivyo linavyozidi kukupitisha. Liwekeni kama mtahini analitaka, ila msilale usingizi juu yake.

Mimi sikuwa na muda wa kurudi uwandani. Niliomba daftari la mahudhurio, nikalipanga kwenye jedwali moja na majibu ya watu wenyewe. Haki ya bosi na kujituma kwa maneno ya mtu: uhusiano mkubwa. Haki ya bosi na daftari: mdogo, hauna hata nyota. Siku ya utetezi mtahini mmoja aliweka kidole kati ya mistari hiyo miwili akauliza naamini upi. Nikajibu kwa kujiamini kwamba daftari halimpendi wala halimwogopi mtu.

Mtahini wa pili akacheka. "Wewe hujawahi kumsainia mwenzako?"